Dubu mweupe na majirani zake: jinsi watu wa Kaskazini wanavyomlinda mnyama anayeweza kuwaua

Katika makusanyiko yetu dubu tunamjua kwa njia ya Maandiko. Watoto wetu wa ekodim wanajua kwamba Daudi alimweleza mfalme Sauli namna alivyoua simba na dubu waliokuja kunyakua kondoo za baba yake. Wanajua pia kwamba nabii Isaya aliona siku ambapo ng'ombe na dubu watalisha pamoja. Lakini dubu mwenyewe, akitembea porini, hatumwoni huku kwetu, kwa maana mapori yetu hayana dubu.

Hata hivyo kuna swali moja ambalo wakaaji wa nchi za dubu wanaishi nalo, na sisi tunalijua vizuri. Ndugu zetu wa Rutshuru, wa Lubero na wa kando ya Ziwa Edouard hulisema wazi kila mara tembo anapoingia katika mihogo, au kiboko anapomjeruhi mvuvi: «Mnyama analindwa. Na mimi, nani ananilinda?» Huko kaskazini ya mbali, watu wanauliza hivyo juu ya mnyama wa kilo 500 anayekula hasa nyama, na anayeweza kupita mbele ya mlango wa shule. Wamelitafutia swali hilo jibu kwa zaidi ya miaka 50. Majibu mengine yamefaulu, mengine yameshindwa. Tumeona vema kuyaeleza hapa, kwa sababu yanafundisha jambo ambalo kila jamii inayoishi karibu na wanyama wakali inahitaji kulijua.

Huyu dubu ni mnyama wa namna gani?

Dubu mweupe anaishi kandokando ya Ncha ya Kaskazini, katika nchi tano: Kanada, Marekani katika jimbo la Alaska, Urusi, Norwe, na Greenland iliyo chini ya ufalme wa Denmark. Wataalamu wanakadiria kwamba wapo karibu 26,000 duniani kote, na sehemu kubwa yao wako Kanada. Dume mzima huwa na kilo kati ya 350 na 600, na jike karibu nusu ya uzito huo. Manyoya yake tunayaona meupe, lakini ngozi iliyo chini yake ni nyeusi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: ingawa ana miguu minne na makucha, dubu huyu ni mnyama wa bahari. Hata jina lake la kisayansi linamwita dubu wa bahari. Chakula chake kikuu ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi anayevuta hewa kama sisi. Bahari inapoganda, sili hutoboa matundu katika barafu ili apate kupumua. Dubu hukaa kando ya tundu, kimya, hata kwa saa nyingi, akingoja sili ainue kichwa. Basi barafu kwake ni kama shamba kwa mkulima. Bila barafu hawezi kumkamata sili, kwa kuwa ndani ya maji sili ana mbio kumpita mbali.

Jambo la pili ni uzazi wake. Jike huchimba pango ndani ya theluji na kuzaa humo wakati wa baridi kali, kwa kawaida watoto wawili. Kila mtoto anapozaliwa ana uzito wa gramu 600 hivi, pungufu ya kilo moja ya sukari. Mama huwanyonyesha na kuwafundisha kuwinda kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Mnyama anayezaa polepole namna hiyo, wakiuawa wengi kwa mara moja, hawezi kurudisha hesabu yake kwa haraka.

Kwa nini sasa anakaribia nyumba za watu?

Barafu ya bahari ya kaskazini huyeyuka wakati wa joto na kuganda tena wakati wa baridi. Tangu mwaka 1979 setilaiti zinaipima kila mwaka. Kipimo cha mwezi wa tisa, wakati barafu ni kidogo kuliko wakati wote, kinaonyesha kwamba imepungua kwa asilimia 12 hivi katika kila miaka kumi. Sababu inajulikana: moshi wa makaa ya mawe, petroli na gesi unaongeza joto la dunia, na eneo la Aktiki linapata joto kwa haraka kuliko sehemu nyingine za dunia.

Matokeo yake yanaonekana katika ghuba ya Hudson, huko Kanada. Siku ambazo ghuba hiyo inakaa bila barafu zimeongezeka kwa majuma kadhaa kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1980. Katika siku hizo dubu wanakaa nchi kavu, karibu bila kula, na dubu mmoja anaweza kupoteza karibu kilo moja ya mwili wake kwa siku. Katika sehemu ya magharibi ya ghuba hiyo walikuwa karibu 1,200 katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 walikadiriwa kuwa 842. Mwaka 2021 walikadiriwa kuwa 618.

Dubu mwenye njaa aliyekaa nchi kavu muda mrefu hufuata pua yake, na pua yake inamleta mahali penye harufu ya chakula: jalala la mji, nyama iliyoanikwa, kambi ya wageni, mifupa ya nyangumi iliyoachwa na wavuvi. Watafiti waliokusanya habari za mashambulizi ya dubu weupe kutoka mwaka 1870 hadi 2014, katika nchi zote tano, walipata mashambulizi 73. Watu 20 walikufa na 63 walijeruhiwa. Kwa muda wa miaka karibu 150, hesabu hiyo si kubwa. Lakini 15 kati ya mashambulizi hayo yalitokea katika miaka mitano tu ya mwisho, na dubu waliokuwa hatari zaidi walikuwa madume yaliyokonda kwa njaa.

Churchill: mji uliojengwa juu ya njia ya dubu

Mji unaojulikana kuliko yote katika jambo hili ni Churchill, katika jimbo la Manitoba huko Kanada. Una watu wasiofika 1,000, na hakuna barabara inayoufikia. Wanaokwenda huko hupanda treni au ndege. Mji uko kwenye mdomo wa mto, na kwa kuwa maji ya mto hayana chumvi, barafu huanza kuganda mapema sehemu hiyo. Dubu wanajua hilo. Kila mwaka, katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja, hukusanyika karibu na mji wakingoja bahari igande.

Zamani dawa ilikuwa bunduki. Dubu aliyeingia mjini alipigwa risasi. Na kwa miaka mingi jalala la mji lilikuwa wazi, dubu wakala humo masalio ya vyakula, hata watu wakaenda huko kuwatazama. Kwa njia hiyo mji wenyewe ulikuwa ukiwafundisha dubu kwamba harufu ya binadamu ni harufu ya chakula. Mwaka 1983 hoteli moja iliungua, na mtu mmoja aliyeingia usiku katika mabomoko yake kutafuta nyama alikutana na dubu aliyeongozwa huko na harufu ileile. Mtu huyo aliuawa. Tangu wakati huo hakuna mwingine aliyeuawa na dubu katika Churchill, ingawa wako waliojeruhiwa. Tuangalie waliyoyafanya.

Kwanza, waliweka walinzi wa serikali ya jimbo wanaozunguka mji wakati wa dubu, pamoja na namba ya simu ambayo kila mtu anaijua. Ukiona dubu, piga simu, usiku au mchana. Walinzi wanafika na kumfukuza kwa fataki zenye kishindo, kwa taa na kwa honi za gari, na wakilazimika kwa risasi za mpira zinazouma lakini haziui.

Pili, walijenga nyumba ambayo watu wameizoea kuiita jela ya dubu. Ilikuwa jengo la jeshi, na ndani yake kuna vyumba 28. Dubu anayerudi mjini mara kwa mara hunaswa katika mtego mkubwa wa chuma au huchomwa dawa ya usingizi, kisha hufungiwa humo. Anapewa maji, chakula hapewi. Msomaji anaweza kuona huo ni ukatili, lakini sababu yake ni ya rehema. Wakati huo wa mwaka dubu hali hata akiwa nje, na kama angelishwa mjini, angejifunza kwamba njia ya kushiba ni kurudi mjini. Baada ya siku 30 hivi, au bahari inapoganda, anapelekwa mbali na mji, mara nyingi akining'inia katika wavu chini ya helikopta.

Tatu, mwaka 2005 walifunga lile jalala la wazi. Takataka zikaanza kuwekwa ndani ya jengo lenye kuta imara. Jambo hilo halisimuliwi sana, kwa sababu halina picha nzuri kama helikopta, lakini lilikata mzizi wa shida. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jalala lilikuwa ndio ufa.

Nne, wakaaji wenyewe walijiwekea desturi. Wengi huacha milango ya magari na ya nyumba bila kufunga kwa ufunguo, ili mtu anayekimbizwa na dubu apate pa kuingia. Jioni ya mwisho wa mwezi wa kumi, watoto wanapozunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende, walinzi, polisi na watu wa kujitolea huzunguka nao mji mzima. Hakuna sheria kutoka mji mkuu inayoweza kumlazimisha mtu aache mlango wake wazi kwa ajili ya mgeni. Hilo linatoka katika jamii yenyewe.

Huruma inayoua

Hapa tunafika kwenye jambo gumu kulipokea. Mtu akiona picha ya dubu aliyekonda, mbavu zote nje, moyo wake unasema: mpeni chakula. Sisi tunaofundisha watu kuwalisha wenye njaa, tunalielewa wazo hilo.

Lakini watu wanaoishi na dubu wanajua mwisho wake. Dubu aliyelishwa na binadamu mara moja atarudi mara ya pili, na safari hii hatangoja apewe. Atavunja mlango wa jiko. Na dubu anayevunja milango hupigwa risasi, kwa maana hakuna mzazi atakayemvumilia. Aliyemrushia kipande cha nyama siku ya kwanza ndiye aliyemtia katika njia ya kifo.

Mwezi wa pili 2019 dunia iliona mfano wake. Katika makao ya Belushya Guba, katika visiwa vya Novaya Zemlya huko Urusi, dubu 52 walihesabiwa karibu na nyumba za watu. Walizurura katika barabara, wengine wakaingia mpaka ndani ya majengo. Wazazi waliogopa kuwapeleka watoto shuleni, na serikali ikatangaza hali ya hatari. Barafu ya pwani ilikuwa imechelewa, na jalala la wazi lilikuwa linawangoja. Barafu iliwazuia, jalala likawaita. Watu wa mahali pale hawakuwa na uwezo juu ya barafu, lakini juu ya jalala walikuwa nao.

Ndiyo maana hatua zinazookoa maisha huko kaskazini ni za kawaida sana: mapipa ya chuma yasiyofunguka, maghala ya nyama yenye uzio wa umeme, taa barabarani, mifupa ya nyangumi kupelekwa mbali na nyumba, theluji kuondolewa kwenye kona ambazo dubu anaweza kujificha. Hizi ni kazi za kila siku zisizo na sifa, kama kuchimba choo au kufunika kisima.

Walinzi wanaotoka kijijini

Fundisho jingine limetoka vijijini. Huko Vankarem, kijiji cha Wachukchi katika mashariki ya mbali ya Urusi, wakaaji waliona kwamba mizoga ya walarasi iliyokuwa ufukoni ingewaleta dubu mpaka majumbani. Walarasi ni wanyama wakubwa wa bahari wenye meno marefu yanayofanana na pembe za tembo. Wawindaji wa kijiji waliivuta mizoga hiyo mpaka mahali pa mbali, dubu wakala huko wakaendelea na safari yao. Mwaka 2006 walianzisha kikundi cha ulinzi walichokiita kwa jina la dubu katika lugha yao, Umky. Mfano huo ukaenea katika vijiji vingine vya pwani. Mwezi wa kumi na mbili 2019, zaidi ya dubu 50 walipokusanyika karibu na kijiji cha Ryrkaypiy, walinzi wa namna hiyo ndio waliozunguka barabara na kuwafukuza.

Huko Arviat, mji wa Wainuit katika eneo la Nunavut huko Kanada, dubu wengi walikuwa wakiuawa kila mwaka kwa sababu watu walijitetea. Tangu mwaka 2010 mji ulipata mlinzi wa dubu, mtu wa palepale, anayezunguka usiku kwa pikipiki ya magurudumu manne. Vifaa vya kufukuza vililetwa, uzio wa umeme ukawekwa kwa ajili ya mbwa na chakula. Dubu waliokuwa wakiuawa kwa kujitetea, wapatao wanane kwa mwaka, walipungua mpaka karibu mmoja. Na ile jioni ya watoto, Arviat waliamua kuifanya ndani ya jumba la mji, mlango ukiwa umefungwa.

Tuone vizuri: mpango huo uliokoa dubu kwa kuwalinda watu kwanza. Mama aliyehakikishiwa kwamba mtoto wake atafika shuleni hana sababu ya kumwomba mume wake achukue bunduki. Mnyama hupata usalama kupitia usalama wa jirani yake, na njia nyingine haidumu.

Sheria, na ugomvi juu ya hesabu

Je, sheria za serikali hazina faida? Zina faida kubwa. Katika miaka ya 1960 dubu waliwindwa kwa ndege ndogo huko Alaska, na huko Svalbard kwa bunduki zilizotegwa ndani ya masanduku, dubu akivuta chambo anajipiga mwenyewe. Tarehe 15 mwezi wa 11, 1973, huko Oslo, nchi tano zilifanya mapatano. Marekani na Umoja wa Kisovyeti, waliokuwa wakitishiana kwa mabomu ya nyuklia, waliweka sahihi kwenye karatasi moja kwa ajili ya dubu. Walikataza kuwinda kwa ndege na kwa meli kubwa, wakaahidi kulinda mahali dubu wanapozalia na wanapopita, lakini wakahifadhi haki ya wenyeji wanaowinda kwa desturi ya mababu zao. Uwindaji mkubwa ukakoma, na katika sehemu nyingi dubu wakaongezeka.

Haki hiyo ya wenyeji bado inaleta mabishano. Wainuit wamemwinda dubu tangu zamani. Nyama yake wanaila, ngozi yake wanaivaa au kuiuza. Huko Kanada kila jamii inapewa hesabu ya dubu inayoruhusiwa kuwinda kwa mwaka, na dubu aliyeuawa kwa kujitetea hutolewa katika hesabu hiyo. Wazee wengi wa Nunavut wanasema leo wanaona dubu wengi kuliko walioonwa na baba zao. Watafiti wengine wanajibu kwamba dubu hawajaongezeka, ila wamekaribia nyumba kwa kukosa barafu. Katika mwaka 2018 wanaume wawili wa Nunavut waliuawa na dubu, katika safari mbili mbalimbali, na mmoja wao alikuwa akiwakinga watoto wake. Baada ya mambo kama hayo, mtu aliye mbali akileta hesabu za kompyuta bila kusikia kwanza kilio cha wafiwa, hesabu zake hazitapokelewa hata kama ni za kweli.

Norwe imechukua njia yake katika visiwa vya Svalbard. Dubu analindwa huko tangu mwaka 1973, na kumwua hairuhusiwi ila kwa kuokoa maisha. Anayetoka nje ya makao ya watu ni lazima awe na kifaa cha kumfukuza dubu, na wengi huchukua bunduki pia kwa ajili ya hatari ya mwisho. Lakini wageni wengi hufika kwa meli wakitaka picha za karibu, na kila anayemkaribia dubu humfundisha kutoogopa watu. Basi tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025, sheria inataka mtu akae mbali na dubu mita 300, na mita 500 kuanzia mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa sita, wakati akina mama wametoka mapangoni na watoto wachanga. Sheria hiyo inamfunga mgeni mwenye pesa, wala si mwenyeji maskini peke yake. Hilo nalo ni jambo la haki.

Msiba wa Wales

Hatutaki mtu adhani kwamba haya yote yamemaliza hatari. Katika mwezi wa kwanza 2023, kwenye kijiji cha Wales, mwisho kabisa wa magharibi ya Alaska, dubu aliingia kati ya nyumba wakati wa dhoruba ya theluji. Karibu na shule alimwua mama kijana pamoja na mwana wake wa mwaka mmoja. Walimu walifunga milango, na mkaaji mmoja wa kijiji akamwua dubu huyo. Wales ina watu 150 hivi, kwa hiyo hapakuwa na nyumba isiyofiwa. Kwa zaidi ya miaka 30 dubu mweupe hakuwa ameua mtu katika Alaska nzima.

Tunaandika habari hii kwa sababu wako wanaosema juu ya uumbaji kama kwamba ni bustani tupu, yenye maua na ndege. Uumbaji una meno. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu mwenyewe anamwonyesha mtumishi wake wanyama wakali wasiotumikia binadamu, na haombi radhi kwa kuwaumba. Lakini Mungu huyohuyo anasikia kilio cha mama. Anayetetea wanyama na kunyamaza mbele ya jeneza la mtoto amekosea. Na anayelia juu ya mtoto kisha akataka wanyama wote wamalizwe, hajamrudishia mama yule mtoto wake.

Watu wa pwani ile wanachohitaji kinajulikana: walinzi wanaolipwa mwaka mzima, taa, vifaa, mahali salama pa kuweka nyama, simu inayojibiwa hata wakati wa dhoruba. Hivi vyote vinanunuliwa kwa pesa, na pesa za dunia kwa ajili ya dubu zinapatikana kwa urahisi zaidi kwa picha kuliko kwa mishahara ya walinzi wa kijiji.

Na sisi?

Tuna uhusiano wa kweli na dubu huyu, hata kama hatutamwona kamwe. Joto linaloyeyusha barafu yake ndilo linalovuruga majira ya dunia nzima. Sisi wa Kongo tumechangia moshi huo kwa sehemu ndogo sana. Lakini tuna hazina inayoweza kupunguza madhara yake: chini ya misitu yenye maji ya Cuvette Centrale, katika Kongo zote mbili, kuna udongo wa mboji uliohifadhi karibu tani bilioni 30 za kaboni. Ukikauka na kuungua, barafu ya kaskazini itapata hasara, na mvua zetu pia. Wenye viwanda wana deni la kupunguza moshi wao. Sisi tuna wajibu wa kutounguza ghala hilo, na haki ya kuuliza wanaofaidika nalo watawasaidiaje wanaolilinda.

Pili, yale yaliyojifunzwa Churchill na Arviat yanafaa pia kando ya Hifadhi ya Virunga, ambayo wengi tunaiita parki tu. Huko uzio wa umeme umewekwa katika sehemu fulani ili tembo wasiingie mashambani, na zaidi ya walinzi 200 wamekufa kwa miaka mingi wakiilinda hifadhi hiyo. Yeyote anayekuja kutuambia tulinde wanyama, tumpokee kwa heshima na tumwulize maswali manne ambayo watu wa kaskazini wamejifunza kuuliza. Je, chanzo kinachomvuta mnyama kimeondolewa? Je, mlinzi ni mtu wetu, na analipwa? Je, nikipiga simu usiku, nani atakuja? Na mtu akijeruhiwa au shamba likiharibiwa, nani atamfuta machozi mwenye hasara?

Maswali hayo hayapingani na ulinzi wa wanyama. Ulinzi wa kweli unaanzia hapo. Na sisi wenyewe, tusingoje mradi ufike ndipo tuanze. Takataka zilizotupwa nyuma ya soko, samaki walioachwa wazi kando ya ziwa, mtoto anayetumwa kuchota maji jioni mahali viboko wanapotokea: hayo kamati ya kanisa na chefu wa kijiji wanaweza kuyazungumza juma hili, baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika.